Niliomba Waitoe, Wakakataa

"Una watoto wangapi?"

Nilikuwa nimekaa upande kwenye kiti cha plastiki, uzito wote nimeulaza paja la kulia, maana miaka ile ndivyo nilivyokaa kila mahali, dukani, kwenye mkeka wa chakula, hata msikitini nikisikiliza hotuba. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kumwambia daktari kwamba naomba korodani yangu ya kushoto itolewe. Maneno hayo nilikuwa nimeyapanga tangu natoka nyumbani. Niliyapunguza, nikayatafutia heshima, nikayatamka huku macho yangu yakiwa kwenye kalenda ya ukutani.

"Wawili, dokta."

"Na umri?"

"Thelathini na minne."

"Bado kijana sana. Hicho kitu hakitolewi hivihivi. Kunywa maji ya kutosha, punguza mawazo."

Akaandika dawa. Nilipofika dirishani nikakuta ni vidonge vilevile nilivyokwisha kumeza mara nne. Hakuwa ameninyanyua kitini. Hakuwa ameniambia nilale kitandani animinye japo kidogo aone panapouma. Alichukua umri wangu na idadi ya watoto wangu, akavijumlisha, jibu likawa hapana.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Mwanga, hapa Kigoma mjini, nashona sare za shule, vitenge vya harusi, na suruali za wavuvi wa Kibirizi ambazo hutatukia mapajani kabla hazijachakaa kwingine. Kazi yangu ni kukaa. Cherehani ya miguu inataka ukae sawasawa, mapaja yakaribiane, miguu yote miwili ipande na kushuka kwenye pedali kutwa. Kama maumivu haya yangetafuta kwa makusudi mtu wa kumwonea, yangekuja kwa fundi cherehani au kwa kijana wa bodaboda.

Yalianza mwaka 2017, katikati ya masika. Homa ya siku tatu, korodani ya kushoto ikavimba ikawa ya moto, nikawa natembea nimeachanisha miguu kama mtoto aliyetoka jando. Nikapewa vidonge vya siku kumi. Homa ikaisha, uvimbe ukaisha, maumivu yakabaki. Nikangoja yaishe yenyewe, kama yanavyoisha maumivu ya jipu lililokwisha kutumbuka. Ukapita mwezi, ikapita miezi mitatu. Baadaye sana niliambiwa kwamba miezi 3 ndiyo mpaka wenyewe: maumivu ya korodani yakifika hapo, yawe ya kuja na kuondoka au ya muda wote, na yakawa yanamvurugia mtu shughuli zake, madaktari huyaita sugu na huyatazama kama ugonjwa unaojitegemea. Wakati ule mimi nilijua tu kwamba sijapona.

Nikusaidie, msomaji, uyaelewe. Si maumivu ya kumfanya mtu apige ukunga. Ni kama kuna mtu ameshika ncha ya uzi uliofungwa ndani ya kinena, anauvuta taratibu, anaulegeza kidogo mpaka unashukuru Mungu, halafu anauvuta tena. Asubuhi yanakuwa madogo. Ikifika saa nane mchana, baada ya suruali tatu au nne, yamekwisha kupanda mpaka ubavuni, na usiku natafuta mkao wa kulala sipati. Na tendo la ndoa, sitalizungusha, lilikuja kuwa kitu cha kuogopa, kwa sababu baada yake uzi ule ulivutwa mpaka alfajiri.

Nikiulizwa naumwa nini nilijibu, "Mgongo." Mgongo ni ugonjwa wa heshima. Mwanaume anaweza kuumwa mgongo mbele ya mama mkwe. Korodani hata kuitaja ni shida. Neno la mtaani ni tusi, la kitabuni linasikika kama umekariri, kwa hiyo wengi wetu tunasema "huku chini" na kunyamaza. Na ukiwa na bahati ya kumpata mtu mzima wa kumwambia, atakupa majina yake: ni mshipa huo, ni ngiri, ni chango la kiume. Nilikunywa mizizi ya chango kwa miezi miwili. Chungu, ya rangi ya kutu, kikombe asubuhi na kikombe jioni. Simlaumu aliyenipa. Alinisikiliza muda mrefu kuliko daktari yeyote niliyekuwa nimemwona mpaka siku hiyo, na nadhani hiyo ndiyo sababu foleni yake haiishi.

Hospitali nilikuwa na jina lingine: UTI. Kisha UTI sugu. Mkojo ulipimwa mara nyingi, na mara nyingi ulikuwa safi, lakini dawa ziliandikwa vilevile kana kwamba safi ni namna nyingine ya chafu. Mwisho nikapelekwa ultrasaundi. Kijana aliyenipima alipaka ute wa baridi, akazungusha kile kifaa kimyakimya, akaniambia kwa furaha, "Kaka, zote mbili ziko vizuri kabisa." Nilimshukuru. Nilipotoka nje nikasimama chini ya mwembe, karatasi mkononi, nikahisi kama mtu aliyefungiwa mlango. Tangu siku hiyo kila niliyempelekea karatasi ile aliisoma na kuniambia huna kitu. Sijui kama wanaosema "huna kitu" wanajua neno hilo linafika vipi kwa mtu ambaye hajalala siku tatu.

Ndipo wazo la kuitoa lilipokuja, na lilikuja kama nafuu. Kinachouma kinajulikana, kiko kimoja, kiko nje ya tumbo, na ninacho kingine upande wa pili. Nilikwisha kusikia kwamba korodani moja yenye afya kwa kawaida inatosha kwa uzazi na kwa nguvu za mwili. Kwa hesabu zangu za fundi, hapo palikuwa pa kukata.

Daktari wa pili niliyemwomba aliniambia sentensi moja: "Hatutoi kiungo kizima." Ilinichoma kwa sababu nilikuwa na ushahidi wa kinyume ndani ya ukoo. Baba yangu mdogo alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika kwenye mifupa. Yeye walimtoa korodani zote mbili, asubuhi moja, na hazikuwa na ugonjwa wowote. Baada ya siku chache maumivu ya mifupa yakapungua, akaweza kugeuka kitandani. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake nikimtilia uji, nikijiuliza ni sheria gani hii ya kumtolea mzee mbili zisizouma na kuninyima mimi moja inayouma. Nilimuuliza daktari. Alikuwa na wagonjwa wengi mlangoni. Akasema, "Hayo ni mambo mawili tofauti," akaita namba inayofuata.

Usiku mmoja mwaka huo nilimwamsha mke wangu nikamwomba apeleke mkasi wangu wa kazi kwa dada yake. Hakuuliza kwa nini. Alivaa kanga, akaenda saa sita usiku, akarudi, akakaa kitandani. Kisha akasema, "Baba, mimi mume mzima kwangu ni yule anayelala usiku. Kama wataitoa, watoe. Kama hawatoi, waseme wanafanya nini." Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu sijapata kusikia mtu, mwenye shahada au asiye nayo, aliyeliweka jambo hili vizuri zaidi. Asubuhi yake aliniandamana mpaka kituo cha afya, nikamweleza mganga wa zamu habari ya ule mkasi. Ukifika hapo, na wewe mwambie mtu usiku huohuo.

Shemeji yangu anakaa Tabora. Yeye ndiye aliyesikia habari za daktari bingwa wa njia ya mkojo aliyekuwa anaona wagonjwa huko, akanipigia. Nikapanda treni. Kigoma mpaka Tabora ni safari ya usiku kucha, na nilisimama sehemu kubwa ya safari hiyo kwenye korido, nimeegemea dirisha, Uvinza ikapita, Malagarasi ikapita, Kaliua watu wakapanda na magunia, na mimi nimesimama. Mama mmoja alinipisha kiti, nikamwambia ahsante mama, nina mgongo.

Daktari wa Tabora alianza kwa kunisalimia, "Mwangaluka," akaona sijui kuitikia, akacheka, akaniuliza nimetoka wapi. Halafu aliuliza maswali kwa muda ambao sikuwahi kupewa. Nakumbuka karibu yote. Je, nakunywa maziwa mabichi, kwa sababu ugonjwa wa mifugo wa kutupa mimba, ule wa brusela, unaweza kuingia kwenye korodani ya binadamu, na mikoa hii yetu ina ng'ombe. Je, nimewahi kukohoa kwa muda mrefu au kutoka jasho usiku, kwa sababu kifua kikuu nacho hujificha kwenye ule mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Je, nimewahi kuwa na mawe ya figo. Je, nimefanyiwa upasuaji wa ngiri, kwa sababu kovu, au wavu unaowekwa kuzuia ngiri isirudi, unaweza kukaba mishipa ya fahamu. Je, nimefunga kizazi.

Swali hilo la mwisho si geni Kigoma. Mkoa wetu ulikuwa kati ya sehemu za Tanzania ambako wanaume walikubali kufunga kizazi mpaka watafiti wakaja kuwauliza kwa nini, na walichokikuta kikachapishwa mwaka 2007. Daktari aliniambia kwamba mwanaume mmoja au wawili katika kila 100 waliofunga hubaki na maumivu ya korodani yanayomsumbua maishani. Sisemi hili ili mtu aogope. 98 au 99 hawapati shida hiyo, na mjomba wangu ni mmoja wao. Lakini huyo mmoja akienda hospitali akaambiwa huna kitu, ameonewa.

Kisha akanipima. Nikiwa nimesimama, nikakohoa, akagusa kinena kutafuta ngiri. Akapapasa ile mishipa ya damu ambayo kwa baadhi ya wanaume huvimba, hasa upande wa kushoto, akasema yangu haijavimba. Akabonyeza mgongo wa chini, akaninyanyua mguu. Akabonyeza nyuma ya korodani, na pale nilimshika mkono bila kujua. "Hapa," nikasema. "Nimeona," akasema.

Nikamwomba. Sentensi ileile niliyoipanga Kigoma.

Hakuniuliza watoto. Aliniuliza, "Unafikiri maumivu yanakaa wapi?"

Aliniambia kwamba mtoto wa kiume akiwa tumboni mwa mama, korodani zake huanzia juu, karibu na figo, kisha hushuka polepole mpaka kwenye mfuko wake. Zinaposhuka hushuka na mishipa yake ya fahamu. Ndiyo maana mtu mwenye jiwe la figo anaweza kushika korodani akilia wakati jiwe liko mbali huko juu. Na mishipa hiyo ikichokozwa muda mrefu, kwa uvimbe kama ule nilioupata 2017, inaweza kuendelea kupeleka habari ya maumivu hata baada ya uvimbe kuisha, na uti wa mgongo na ubongo vikazoea kuipokea kwa sauti ya juu kuliko inavyostahili. Korodani yenyewe ikipimwa inaonekana safi kwa sababu ni safi.

Hapo nikamwelewa kwa lugha ya kazi yangu. Mteja anakuja na shati, analalamika kola inamkaba, anataka niikate. Ukilivalisha na kulitazama, kola haina kosa lolote. Bega limekatwa fupi, ndilo linalovuta. Nikimtii nikakata kola, nimeliua shati, na bado litamkaba. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia kwamba kwa baba yangu mdogo walikuwa wanakata kiwanda cha homoni inayolisha saratani, na matokeo yake yanajulikana kabla ya kukata. Kwangu mimi wangekata wakiwa wanakisia.

Akanipa na hesabu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliandika habari za wagonjwa wa maumivu sugu kama yangu waliotolewa korodani. Kati ya 15 waliopasuliwa kwenye kinena, 11 waliondokewa na maumivu kabisa. Kati ya 9 waliopasuliwa kwenye mfuko wenyewe, ni 5. Jumlisha mwenyewe: watu 24, na 8 kati yao hawakupata walichokuwa wamelipia kwa kiungo cha mwili. Madaktari wengine wameripoti matokeo mabaya kuliko hayo. Halafu kuna watu ambao korodani imeondoka na maumivu yake yamebaki hewani. Utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2010, kwa wanaume waliotolewa korodani kwa saratani, ulikuta karibu robo yao wanaumwa kwenye korodani ambayo haipo. Mtu akinieleza hilo zamani ningesema ni hadithi. Lakini tuna jirani, mzee wa Ujiji aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, na nimemwona kwa macho yangu akimwomba mjukuu amkune kidole gumba cha mguu ambao ulikwisha kuzikwa.

Kumbe jambo hili ni la zamani. Miaka ya 1830 daktari mpasuaji wa London, Astley Cooper, alikwisha kulieleza na kulipa jina. Karibu miaka 200, na bado mtu anafika dirishani anapewa vidonge vya UTI.

"Kwa hiyo unakataa," nikamwambia.

"Nakataa kuanza na kitu kisichorudishika. Kukutibu sijakataa. Lala hapo."

Sasa nitaeleza kile alichofanya, kwa sababu ndicho ningependa kila mwenye shida yangu akijue. Alitafuta kwa vidole, juu ya korodani, karibu na mfupa wa kinena, kamba laini yenye unene kama wa penseli. Ndani ya kamba hiyo, alisema, mnapita kila kitu: damu inayokwenda na kurudi, mrija wa mbegu, na mishipa ya fahamu. Akasafisha kwa spiriti, nikahisi ubaridi. Akaishika kamba kati ya vidole viwili na kuichoma sindano ya ganzi, lidokeini pamoja na nyingine inayokaa muda mrefu zaidi. Iliuma kama sindano yoyote. Nesi akatazama saa ya ukutani akaandika muda kwenye kadi.

Nililala nikiangalia feni ya darini. Ilikuwa na panga moja lililopinda, kila likizunguka lilitoa mlio. Nikahesabu milio. Sijui nilifika ngapi. Wale waliokulia karibu na mashine ya kusaga wanajua: mashine inanguruma toka asubuhi, unaongea, unakula, unalala nayo, na siku umeme unapokatika ndipo unagundua kwamba ulikuwa unapiga kelele kila ulipoongea. Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kilizimwa. Miguu yangu, ambayo nilikuwa nimeikaza bila kujua kwa miaka, ikalegea yenyewe pale kitandani.

"Sasa?" daktari akauliza.

Nikainuka. Nikashuka nikaenda kwenye benchi la mbao lililokuwa ukutani, nikakaa. Matako yote mawili, sawasawa, kama mtu. Nililia mbele ya nesi ambaye angeweza kuwa binti yangu mkubwa, akajifanya anatafuta kitu kabatini.

Sindano ile ni kipimo na ni dawa kwa wakati mmoja. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, maana yake habari yake inapita kwenye kamba ile, na kuna la kufanya hapo. Yasipopungua, chanzo kiko kwingine, mgongoni au kwenye misuli ya nyonga au huko kwenye uti wa mgongo wenyewe, na kutoa korodani hakutasaidia kitu. Maumivu yangu yalirudi alfajiri, nyumbani kwa shemeji. Lakini sikuwa mtu yuleyule aliyepanda treni.

Aliporudia sindano mara ya pili nafuu ilikaa siku kadhaa. Akaniandikia amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku. Nilipouliza mtaani nikaambiwa ni dawa ya watu wenye msongo wa mawazo, nikakasirika, nikampigia simu shemeji kwamba na huyu naye anasema ni mawazo yangu. Shemeji akaenda kumuuliza. Jibu likawa kwamba dawa hiyo kwa dozi ndogo hutuliza mishipa ya fahamu, kwa mtu mwenye mawazo na asiye nayo. Inakausha mdomo, na wiki za kwanza niliamka mzito kama niliyekesha ngomani. Nikafundishwa pia kulegeza misuli ya chini ya nyonga kwa kupumua, kwa sababu mwili unaoumwa hujikaza, na kujikaza kunazaa maumivu mengine. Mengine nilijifanyia mwenyewe: nilijishonea mto wa sponji wenye tundu katikati, na chupi za kubana vizuri zenye kitambaa maradufu mbele. Hiyo ni kazi yangu, sikuhitaji bingwa.

Alinieleza na hatua iliyo mbele. Kuna upasuaji wa kukata ile mishipa midogo ya fahamu ndani ya kamba, kwa darubini, na kuacha mshipa wa damu na korodani yenyewe salama. Madaktari wawili Wamarekani, Devine na Schellhammer, waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Kwa wale ambao sindano iliwatuliza kama ilivyonituliza mimi, kama 7 katika 10 huondokewa na maumivu kabisa. Unahitaji darubini maalumu na mkono uliofundishwa. "Mimi hapa sina vyote viwili," alisema, bila aibu, na nilimheshimu kwa hilo. Akaniandikia barua ya kwenda nayo nikiamua. Na akasema kwamba kama yote yakishindwa, na sindano ikawa imeonyesha kwamba chanzo kiko pale, basi tutakaa chini tuzungumze habari ya kuitoa, kwa njia ya kinena, na nitakuwa najua naingia kwenye nini.

Kwa hiyo na yeye alikataa. Madaktari watatu walinikataa, na wa tatu ndiye aliyenitibu. Wale wawili wa kwanza sisemi walikosea kuacha kukata. Najua foleni ya hospitali zetu, najua mtu mmoja anaona wagonjwa wangapi kabla ya adhuhuri, na najua daktari akimtoa kijana kiungo cha uzazi halafu maumivu yakabaki, kijana huyo atarudi na ndugu zake. Lakini kukataa kwao kuliishia kwenye neno hapana. Hakukuwa na sababu, hakukuwa na kipimo, hakukuwa na "nenda kwa fulani." Na swali la watoto wangapi halikuhusu maumivu yangu hata kidogo. Ningekuwa nao saba, je, wangekata?

Mgonjwa anayeomba akatwe korodani amekwisha kupita mahali pabaya. Ombi lile ni taarifa ya ugonjwa. Lingeandikwa kwenye kadi kama inavyoandikwa joto la mwili. Sindano ya ganzi ipo karibu kila hospitali ya wilaya, wanaitumia kushona vidonda. Inahitaji daktari aliyefundishwa kuichoma pale, na aliye tayari kungoja saa ya ukutani.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Mimi nilisema mgongo kwa miaka mitatu. Mara ya kwanza kumtajia mtu wa afya neno korodani nilikuwa nimekwisha kupoteza mwaka mzima.

Niongeze jambo moja nje ya safu, kwa sababu kijana anaweza kusoma haya akajifunza kuvumilia pasipotakiwa. Maumivu yanayokuja ghafla, korodani moja, makali, pengine na kichefuchefu, na korodani ikapanda juu au kukaa upande, hayo si ya kusubiri miezi wala hata kesho. Korodani huweza kujisokota kwenye kamba yake na kujinyima damu, na muda wa kuiokoa ni kama saa 6. Hapo upasuaji hauombwi kwa barua, unakimbiliwa usiku huohuo. Uvimbe mgumu usiouma nao usikae nao.

Leo, uzi bado upo. Siku nyingi umelegea, siku nyingine unavutwa, hasa nikishona sare mwezi wa Desemba na Januari watoto wanaporudi shule. Nalala. Mkasi umerudi kibandani. Barua ya daktari iko kwenye droo ya cherehani pamoja na futi na chaki, imekunjwa mara nne, na kila nikiitafuta chaki naigusa. Sijaamua. Kuna miezi naona ninaweza kuishi hivi, na kuna mchana mmoja mmoja ambapo nahesabu akiba.

Wiki iliyopita alikuja kijana wa bodaboda na suruali mbili za jinzi, karibu mpya. Anataka niziongeze nafasi kwenye msamba. Nikamwambia zinamtosha vizuri, mbona. Akasema anapenda tu ziwe huru, kwa sababu ya mgongo. Nikaweka futi chini. Kibandani nina kiti kimoja cha wateja, na alikuwa amekikalia upande, paja la kulia.

Nikatoa mto wangu wa sponji nikampa. Akaugeuza, akaliona lile tundu, akanitazama. Akakaa. Alikaa kimya muda mrefu, pikipiki yake inapoa nje, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, eti hospitali huwa wanaitoa?"

Nikaegesha mlango, nikavuta stuli.